Aliyeshika Kitabu Haitwi

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwetu aliacha sheria moja ambayo hata baada ya kufa kwake hakuna aliyeivunja: aliyeshika kitabu haitwi. Haitwi kuchota maji, haitwi kufukuza kuku waliovamia muhogo ulioanikwa, haitwi hata mgeni akifika, labda mgeni awe amemjia yeye. Mama aliishia darasa la nne, lakini ndiye aliyeilinda sheria hiyo kuliko baba mwenyewe. Mimi na dada yangu mdogo tuliitumia vibaya tangu utotoni. Zamu ya kwenda ziwani kuosha vyombo ikifika, mmoja wetu alikumbuka ghafla kwamba ana jaribio la jiografia.

Sikutegemea kwamba ningeitumia vibaya tena nikiwa na miaka arobaini na minne.

Kazi yangu, huko Mbinga mjini, ni kuandika habari za ofisi: nani kafika, kafungua nini, kasema nini, wananchi wamepokeaje. Habari yangu ya mwisho mwaka ule ilikuwa ya ugawaji wa miche ya kahawa kata ya Ruanda. Nilimpiga picha mzee mmoja aliyeupakata mche wake kama mjukuu, nikaituma, nikazima kompyuta. Ukifanya kazi hiyo mwaka mzima, ikifika katikati ya Desemba kichwa kinakuwa kama gunia lililoshindiliwa hotuba. Hapo ndipo ninapohitaji vitabu vyangu.

Vitabu vyenyewe ni riwaya nyepesi za Krismasi. Ni za Kiingereza, karatasi zake duni, na kwenye jalada kuna theluji, mti wenye taa, na mwanamume na mwanamke walioshika vikombe wakitazamana. Hadithi karibu zote ni moja. Mwanamke amechoka na kazi ya mjini, anarudi mji mdogo alikozaliwa, anakuta duka la mikate la bibi yake liko mbioni kufungwa. Kuna mwanamume anayeuza miti ya Krismasi, mkali kidogo, mwenye mbwa. Wanagombana. Theluji inafunga barabara, wanabaki wawili dukani. Hafi mtu, isipokuwa yule aliyekwisha kufa kabla ya ukurasa wa kwanza.

Ninavipenda. Nimechukua miaka kulisema hilo bila kuongeza udhuru. Kufikia ukurasa wa kumi nimeshajua mwisho, na kujua huko ndiko kunakonipumzisha. Kazini kwangu naandika kwamba mradi wa maji umezinduliwa, lakini mara chache narudi kuandika kama maji yalitoka. Kwenye riwaya hizi kila kilichofunguliwa kinafungwa. Aliyekasirika anaombwa radhi, barua iliyopotea inafika, mbwa anarudi. Theluji sijaiona maisha yangu yote. Baridi ninayoijua ni ya Mbinga mwezi wa Juni, ukungu ukilala juu ya kahawa mpaka saa nne asubuhi, na baridi hiyo haijawahi kumfanya mtu apendwe. Inaleta kikohozi tu. Krismasi yetu sisi ni ya mvua, matope na palizi. Labda ndiyo sababu ile ya wenzetu inanivuta.

Aliyenianzisha ni Bibi Maendeleo, yaani afisa maendeleo ya jamii wa ofisini kwetu, mama wa Kiislamu kutoka Tanga ambaye amekaa Mbinga miaka mingi na bado analalamikia baridi kama amefika jana. Alivinunua kwenye rundo la vitabu vya mtumba sokoni.

"Chukua hivi vitatu," aliniambia siku ya mwisho ya kazi, akivitoa kwenye mkoba chini ya meza kama anayeuza magendo. "Lakini usivikunje. Hiki cha mwenye mbwa nakirudia mwakani."

"Dada, wewe Krismasi inakuhusu nini?"

"Hainihusu. Lakini kila Desemba naolewa mara tano, na mume wangu hajui. Wewe nenda kaolewe huko ziwani."

Nilicheka, halafu nikatazama mlangoni kuona kama kuna aliyesikia. Mwanamume wa umri wangu, mwenye kalamu mbili mfukoni, anasoma mapenzi ya duka la mikate. Jioni ile nilivifunga vitabu vyote vitatu kwa karatasi ya kaki, pembe zikakaa sawa, kama baba alivyotufundisha kufunga madaftari. Sikuishia hapo. Juu ya kile cha mwenye mbwa niliandika kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa: MAWASILIANO YA UMMA, JUZUU YA PILI. Nilijiambia ni utani wangu na nafsi yangu.

Kijiji chetu kiko ufukweni mwa ziwa, kwenye njia ya kwenda Liuli. Niliteremka kutoka Mbinga siku ya Ijumaa, na mama alinipokea uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda. Ofisi inakula watu siku hizi?"

Dada yangu hakuwepo. Yeye ndiye anayekaa na mama, lakini msimu wa kilimo hupanda milimani, huko Tingi, kwenye shamba la mumewe, na safari ile alikuwa huko akipalilia mahindi. Angerudi mkesha wa Krismasi. Kwa hiyo tulibaki wawili, mimi na mama. Nilitoa kiti kibarazani, nikakigeuzia ziwani, nikafungua Juzuu ya Pili.

Mama aliiona kaki, na sheria ikaanza kazi. Alipita kwa kunyata. Jirani alipokuja kuomba chumvi, nilimsikia mama akimkatiza kwa Kinyasa, sauti chini, na neno moja tu la Kiswahili likiwa katikati: masomo. Chai ililetwa kwenye kigoda na kuwekwa bila neno. Ningeweza kusema, "Mama, hiki si kitu, nipe kazi." Nilisema, "Asante mama," nikafungua ukurasa.

Sasa niseme niliyoyaona, maana kuona ndiyo kazi yangu. Niliona Jumamosi kwamba chai kiasi ilimwagika kwenye kisahani, pembeni kabisa mwa kikombe. Niliona kwamba akiingia ndani anagusa kwanza mwimo wa mlango kwa mkono wa kulia. Niliona kwamba akichekecha unga wa muhogo hautazami. Anaupitisha kwenye vidole na kutoa makapi kwa kugusa. Mambo matatu, kwa mpangilio huo. Angekuwa mama wa mtu mwingine ningekwisha kumuuliza, na jibu lake ningeliweka aya ya kwanza.

Jumapili tulikwenda kanisani. Ibada ilipofika kwenye matangazo nilitoka nje, nikajibanza na kitabu changu nyuma ya ukuta wa vestri, chumba cha kuvalia majoho. Mimi, ninayekula kwa matangazo. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka dukani kwa bibi, na nilihesabu kwamba matangazo ya kwetu hayachukui chini ya dakika ishirini. Nikapata sura nzima.

Jumanne asubuhi, kama saa moja na nusu, mama alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunga. Kichwani kilemba kipya. Mkononi mfuko mdogo wa plastiki uliokunjwa mara nyingi, wa namna ambayo watu wa kwetu huwekea kadi za hospitali. Alikaa kwenye ukingo wa kibaraza, akauweka mfuko mapajani. Mimi nilikuwa pale ambapo barabara imefungwa na wale wawili wamegundua kwamba kuna godoro moja.

"Kazi bado nyingi, baba?"

"Bado kidogo, mama. Lazima nimalize kabla ya sikukuu."

"Haya."

Alikaa tena kidogo. Bodaboda moja ilipita barabarani, ikapunguza mwendo mbele yetu, ikaendelea. Kisha alisimama, akagusa mwimo wa mlango, akaingia. Alipotoka alikuwa na khanga ya kazi na ungo. Kitenge na viatu niliviona. Mfuko niliuona. Nilijua kabisa kwamba kuna swali hapo, nikaamua kuliuliza nikimaliza sura. Sura ilipoisha iliishia pabaya, nikaingia nyingine, na swali likapotea.

Dada yangu alifika Alhamisi, mkesha wa Krismasi, saa sita mchana, miguu imejaa udongo wa Tingi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Palizi vipi?"

"Mimi nimechoka, magugu hayajachoka. Haya, niambie, daktari kasemaje?"

"Daktari gani?"

"Kaka, utani baadaye. Daktari wa macho."

Nilimtazama, naye akanitazama, na nikaona uso wake ukibadilika polepole.

"Jumanne," alisema. "Wale wa macho wanaokuja hospitali siku moja. Wanatia watu dawa, ukitoka huoni njia, kwa hiyo daktari hakupokei kama huna mtu wa kukushika mkono. Walitangaza kanisani Jumapili, mama akanipigia. Nilimwambia mama kwa simu, safari hii usihangaike, kaka atakuwepo. Kwa hiyo mimi nikabaki shambani." Akageukia jikoni. "Mama! Jumanne ulikwenda?"

"Kaka yako alikuwa na masomo," mama alijibu kutoka ndani ya moshi. "Watarudi."

"Watarudi lini?"

"Wamesema mwezi wa sita."

"Mama!"

"Usinipigie kelele, jicho halijadondoka."

Dada yangu alikaa ukingoni mwa kibaraza. Kisha akanyoosha mkono kwenye kigoda, akachukua Juzuu ya Pili. Sikumzuia, kumzuia kungekuwa kukiri. Alimaliza kidato cha nne, na Kiingereza chake ni cha kubisha hodi, lakini mlango ukifunguliwa anaingia. Aliweka kidole kwenye mstari.

"'Akamfuta... unga... puani.'" Akanitazama. "'Mioyo yao...' Kaka. Hii ndiyo juzuu ya pili? Ya kwanza walikuwa bado wanakanda?"

Alichana kaki kwa ukucha, pole pole, upande mmoja tu, mpaka theluji ikaonekana, kisha mkono wa mwanamume, kisha vikombe. Alicheka kicheko cha kweli, cha kujishika tumbo. "Mawasiliano ya umma! Basi umma huu unawasiliana kwa karibu!" Kicheko kilimwishia katikati. Akairudishia ile kaki pale ilipokuwa, akaibana kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini ili jikoni kusisikike:

"Utamwambia mwenyewe. Mimi sitasema, na sitakusaidia kunyamaza."

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, mzee wa kanisa alinishika mkono mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaushikilia mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Hongera sana, baba. Mama yako ametuambia unasoma shahada nyingine, hata likizo hupumziki. Kina mama wamekuombea Jumatano kwenye ushirika wao. Kwa jina lako kabisa."

"Ameni," nilisema, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu.

Dada yangu alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akikohoa.

Hapa kuna jambo ambalo ningeweza kuliruka na hakuna ambaye angejua. Alasiri ile, wali na mbuzi vimekwisha kuliwa, mama na dada wakiosha masufuria, niliingia chumbani na kile kitabu na kukimaliza. Zilikuwa zimebaki kurasa thelathini na kitu. Nilijua kila kilichokuwa kinakuja. Duka la mikate liliokolewa, mbwa alirudi, walikubaliana ndoa chini ya ule mti. Na nilifurahi. Nililala chali nikitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi, huku nikisikia mlio wa sufuria na sauti ya dada yangu ikisema, "Hapo, mama, bado kuna masizi, kushoto, hapo." Ninaweza kujitetea kwa lile la Jumanne, kwamba sikujua. Kwa hili la alasiri ya Krismasi sina utetezi.

Nilimwambia mama kesho yake. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele, nami nikakaa kando yake, nikavuta ungo kidogo upande wangu. Kwenye sehemu aliyokwisha kupitia niliokota mawe manne.

"Mama, vile vitabu si vya masomo."

"Ni vya nini?"

"Hadithi tu. Za kufurahisha watu. Za Krismasi."

"Za kuzaliwa kwa Yesu?"

"Hapana. Yesu hayumo."

Vidole vyake vilisimama. "Krismasi bila Yesu. Sasa yumo nani?"

"Watu wanaooka mikate. Wanapendana."

Vidole vikaendelea na mchele. Nilingoja anikaripie, na niseme kweli, nilikuwa nakitamani hicho. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, nina maneno yangu tayari, yamepangwa.

"Baba yako hakusema kitabu gani," alisema. "Alisema kitabu."

"Lakini Jumanne, mama. Ulikuwa umeshavaa. Kwa nini hukuniita? Neno moja tu."

"Ningekuita ungeacha," alisema. "Ndiyo maana sikukuita."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini hupiki usipa, dagaa wa ziwa letu, bila kuuosha. Maneno yangu niliyoyapanga hayakupata pa kuingia. Niliendelea kuokota mawe, na yeye akaendelea kuyapita, mpaka mchele ukaisha.

Januari niliomba ruhusa kazini, nikampeleka Songea. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ni presha ya macho. La kulia limekwenda sana, la kushoto linaweza kulindwa kwa matone ya kila siku, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Nilitoa daftari langu nikaandika, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Kisha nikamfuata mpaka nje ya mlango, mama asisikie, nikamuuliza: angeonwa kabla ya Krismasi, wiki tatu mapema, ingekuwa tofauti?

"Wiki tatu? Pengine si sana," alisema. "Miaka mitatu, ndiyo."

Nilitafuta nafuu kwenye jibu hilo, nikaikuta ndogo. Miaka hiyo mitatu yote nilirudi nyumbani kila Desemba, na kila Desemba nilikaa kwenye kiti kile kile. Wiki tatu zilikuwa zile tu ambazo nilifumaniwa.

Mboni zake zilikuwa bado zimepanuliwa na dawa tulipotoka kwenda dirisha la kuchukulia matone. Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi, na haukunitegemea. Alitembea kama mtu anayenisindikiza mimi. Muuguzi aliyekuwa dirishani, msichana mchangamfu, alimsalimia kwa shikamoo kisha akamwambia kwa sauti ile ambayo watu huwapa wazee:

"Bibi una bahati. Wengi wanaletwa na majirani. Huyu ni mwanao?"

"Ni mwanangu," mama alisema, akitazama mbele, mahali ambapo muuguzi hakuwepo. "Ana masomo makubwa. Ameyaacha ili anilete."

Nilifungua kinywa. Mama aliubana mkono wangu, mara moja, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, na hakuuachia. Alikuwa amekwisha kuamua watu waambiwe nini kunihusu, na hakuhitaji msaada wangu.

"Hongera sana, kaka," muuguzi aliniambia, akinipa chupa ya matone. "Vijana wenye moyo huo wamebaki wachache."

Nikasema asante.